Bahari Ndani ya Kisima

Boti ilikuwa imeshauacha mwamba wa Tarawa, injini mbili za Yamaha zinanguruma nyuma, simu ya setilaiti ilipolia kiunoni mwa Teebora.

"Kasa," sauti ikasema, ikimwita kwa jina lake la kazi.

"Kasa yuko majini."

"Kisima cha Tebuange kimeingia chumvi. Watoto wawili wamezikwa. Mgeni mmoja, Drost, anawasainisha wazee mkataba leo mchana. Yeye awaletee maji kwa meli, wao wampe kisiwa. Miaka tisini na tisa."

"Nani anamsaidia?"

"Mtafute. Mmalize."

Ikakatika.

Tebuange ndiko alikozaliwa Teebora. Wakubwa wake walijua. Ndiyo maana wakamtuma yeye.

Alifika jua likiwa utosini, akaenda moja kwa moja kwenye paneli za sola. Pampu ya kisima ilikuwa inalia kama nguruwe anayechinjwa.

Haikupaswa kulia. Maji matamu ya kisiwa kile hulala juu ya maji ya bahari, kama mafuta juu ya mchuzi. Yavute taratibu, utakunywa wewe na wajukuu. Yavute kwa pupa, bahari inapanda. Ndiyo sababu pampu ilitiwa breki: kijisanduku cheusi cha kupunguza kasi.

Kijisanduku hakikuwepo. Skrubu zilifunguliwa kistaarabu, bila mkwaruzo.

Mwenye ufunguo wa uzio wa pampu alikuwa mmoja tu. Kabiriera, mtoto wa shangazi yake.

Teebora akazima pampu. Akajaza chupa maji yale ya chumvi. Akaenda maneaba, jumba la mikutano.

Wazee walishaketi, kila ukoo mahali pake. Drost ana kalamu mkononi. Kando yake Kabiriera, begi mgongoni. Nyumba za kule hazina kuta, na cha ndugu ni cha wote. Mwenye siri huibeba.

Teebora akapita ameinama mbele ya wazee, akaketi mahali pa baba yake.

"Umenenepa, dada," Kabiriera akamtania. "Serikali inakulisha nini huko?"

"Nyama ya kopo, kaka. Nina bubuti."

Wazee wakageuka. Bubuti ni ombi la ndugu kwa ndugu. Halikataliwi. Anayelikataa mbele za watu, heri ajitose baharini.

"Naomba begi lako."

"Begi hili bovu? Chukua mtumbwi wangu, dada. Chukua nguruwe!"

"Begi."

Mzee mmoja akakohoa. Kabiriera akalivua, akamkabidhi.

Teebora akalipindua; kijisanduku cheusi kikaanguka mkekani.

Mkono wa Drost ukaenda kiunoni. Bastola ya Teebora, Glock, ikawahi.

Risasi moja. Goti.

"Aliniomba!" Kabiriera akapaza sauti juu ya mayowe ya mgeni. "Si tulimfanya ndugu? Akaniomba breki kwa bubuti, dada. Ningekataaje?"

"Najua." Akamwekea chupa mbele. "Nami bado nina bubuti moja. Nakuomba unywe."

Akanywa. Ikajazwa maji yaleyale. Akanywa. Ikajazwa tena. Hakuna aliyeinua mkono kuzuia, hata shangazi, mama yake Kabiriera.

Teebora akapita ameinama, akatoka. Hakugeuka.

Drost alikatwa mguu Tarawa, akafungwa. Mkataba ulitumika kuwashia moto wa kuchomea samaki. Kabiriera alikufa kwa chumvi siku ya tatu. Breki ilirudishwa, kisima kinangoja mvua za miaka minne, na watu wanaishi kwa madafu na maji ya paa.

Shangazi alimpigia Teebora simu mara moja tu. Alikuwa na bubuti: asikanyage tena Tebuange.

Teebora hakukataa.