Idhini ya Marehemu

Vetró Ottó alikuwa amelala chali kati ya meza ya ofisi na dirisha, macho yameikodolea dari, na damu chini ya kisogo chake ilikuwa imeanza kukauka kwenye vigae. Chupa ya pombe ya plamu, nzima bila ufa, ilikuwa imebiringika hadi chini ya kiti. Mezani kulikuwa na sinia la pogácsa, vile vimikate vya chumvi, limeliwa nusu. Ilikuwa tarehe mbili Julai, siku ya jina lake, ambayo huko husherehekewa kama siku ya kuzaliwa, na watu wa mji wa Orosháza walikuwa wakiingia na kutoka tangu asubuhi kumpa mkono wa heri.

Ukutani, juu ya maiti, ilitundikwa ankara ndani ya fremu.

Inspekta Kökény Dalma aliisoma mara mbili. Bidhaa: *árvíztűrő tükörfúrógép*, yaani mashine ya kutoboa vioo isiyodhurika na mafuriko. Idadi: elfu moja. Thamani: forinti milioni mia tatu na themanini.

Sajini Süle alijikaza, kisha kicheko kikamponyoka puani.

"Unacheka mbele ya maiti, Süle?"

"Nisamehe, mkuu. Lakini mashine hiyo haipo duniani. Ni maneno ya kujaribia kompyuta tu. Yamebeba irabu zote za lugha yetu zenye vidoto na vikia. Zikitoka salama hizo, kila kitu kitatoka salama."

"Mtoto wa shule ya msingi analijua hilo. Nakuuliza limefikaje kwenye ankara ya fundi vioo."

Daktari wa polisi aliinuka, akavua glavu.

"Pigo moja, kisogoni. Amekufa saa nne na nusu hivi. Ukinibana sana, saa tano kasorobo. Zaidi ya hapo usinibane."

Aliyeikuta maiti alikuwa Jolán, mhasibu wa karakana kwa miaka ishirini na sita. Alirudi kutoka posta saa tano na nusu. Sasa alikuwa ameketi kule karakanani kwenye kreti, na vioo vilivyoegemezwa ukutani vilimwonyesha akilia kila upande alikogeuka. Kökény alimsogezea kiti, akaketi mbele yake kuvikinga vile vioo.

"Mama Jolán, ankara ile ukutani ni nini?"

"Ni balaa, mwanangu. Ilipelekwa mamlaka ya kodi wiki tatu zilizopita kwa jina letu. Si sisi tuliopeleka. Ni programu. Siku hizi ankara ukiitoa tu, programu inaifikisha kule yenyewe, papo hapo, hakuna mkono wa mtu. Sasa hii haikutolewa na yeyote. Niliamka asubuhi nikakuta tumeuza mashine elfu moja za kutoboa vioo."

"Mkasemaje?"

"Niliwapigia wenye programu, mjini Szeged. Yule kijana wao, Halmágyi, akasema kosa dogo, ataomba ibatilishwe. Ombi linatoka kwenye programu, lakini idhini lazima aitoe mwenye kampuni mwenyewe, kwenye tovuti ya kodi, kwa simu yake. Ottó akakataa."

"Kwa nini?"

"Alitaka barua. Mstari mmoja tu: *tumekosea sisi, si Vetró.* Alisema, nikibofya kimya kimya nitakuwa nimekiri kwamba uchafu ulikuwa wangu." Jolán alijifuta macho. "Mgeni akiingia anamwonyesha fremu. Tangu mkewe afe sikuwahi kumsikia akicheka vile."

Alasiri mtaalamu wa simu alileta taarifa. Simu ilikutwa katika mfuko wa shati la marehemu. Kupitia simu hiyo, idhini ya kubatilisha ankara ilikuwa imetolewa siku hiyo hiyo, saa tano na dakika kumi na mbili.

"Basi daktari kakosea," alisema Süle.

"Au maiti kabofya."

Walimrudia Jolán. Kökény hakuupenda mwelekeo wa maswali yake mwenyewe, lakini kazi ni kazi.

"Nenosiri la Ottó la tovuti ya kodi unalijua?"

"Ninalijua. Katika nchi hii kila mhasibu analijua la bosi wake."

"Wenye programu je?"

"Wao pia. Halmágyi ndiye aliyetufungulia akaunti, kwa simu, mwaka jana."

"Na simu yake ungeweza kuifungua?"

"Ningeweza."

"Kwa hiyo ungeweza kuitoa idhini ile."

"Mwanangu, wiki tatu nzima simu ile inalala mezani pangu ikichajiwa. Ningetaka kubofya, ningengoja mpaka afe?"

"Kabla ya kufunguka ilikataa kidole gumba mara tano. Unalielezaje hilo?"

Jolán aliacha kulia. Akamtazama Inspekta kama mtu aliyesikia upuuzi msibani.

"Kidole gumba? Cha Ottó? Miaka arobaini anasugua kingo za vioo! Vidole vyake vilikuwa laini kama yai. Alipokwenda kuchukua kitambulisho walimrudisha mara mbili, mashine haioni alama. Simu ile ilifunguliwa kwa tarakimu, na tarakimu zenyewe alizisahau kila siku, ndiyo maana nilimwandikia kikaratasi nikakitia chini ya ganda la simu."

Hapo Kökény alielewa. Aliyelijaribu gumba la marehemu mara tano hakuwa Jolán, wala hakuwa mtu wa karakana. Alikuwa mgeni.

Kikaratasi kilipopelekwa maabara, kilirudi na alama za vidole za watu wawili: Jolán na mwanamume asiyejulikana. Gumba la kulia la huyo mwanamume lilikuwa safi, kila mstari unahesabika.

Kesho yake asubuhi walimhoji Halmágyi Lóránt katika kituo cha polisi cha Szeged. Alikuwa na miaka arobaini na moja, shati limepigwa pasi vizuri, macho mekundu. Alipewa onyo la kisheria. Akasema hahitaji wakili.

"Umewahi kukutana na Vetró Ottó?"

"Hapana. Tuliongea kwa simu tu."

"Jana saa nne ulikuwa wapi?"

"Kazini. Nilitoka kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kunywa kahawa."

"Ankara ya mashine za kutoboa vioo ni ya nani?"

"Ni jaribio. Ilipita njia isiyo yake. Hayo hutokea."

"Imeshabatilishwa?"

"Nadhani... ndiyo. Mzee alikubali mwishowe."

"Alikubali akiwa ameshakufa. Muuaji alichukua simu yake akaifungua kwa kidole cha maiti."

"Kidole hakikufung—"

Süle aliacha kuandika.

"Malizia, bwana Halmágyi. Kidole hakikufungua. Nani amekuambia?"

Feni ilizunguka darini. Halmágyi alivitazama vidole vyake mwenyewe.

"Hukuwahi kukutana naye," alisema Kökény. "Basi tuchukue alama zako, tulinganishe na kikaratasi kilichokuwa chini ya ganda la simu. Tukikosea, tutakuomba radhi. Kwa barua."

Hapo ndipo alipoanza kulia, kwa sauti.

"Ni neno moja," alisema. "Kuna mfumo wa kodi wa majaribio na kuna ule halisi. Anwani zake zinatofautiana neno moja. Nililisahau neno hilo, nikawatumia wateja toleo jipya la programu. Kila kompyuta iliyolipokea ikapeleka ankara yangu ya majaribio kwenye mfumo halisi, kwa jina la mwenye kompyuta."

"Wateja wangapi?"

"Arobaini na watatu."

Süle alipiga mluzi mdogo.

"Wengine niliwaambia ni usafi wa kawaida wa mfumo, wabofye tu. Wakabofya. Hakuna aliyeuliza. Alibaki yeye."

"Na alitaka mstari mmoja."

"Mstari huo angeusoma mkaguzi! Kampuni yetu inakaguliwa mwezi huu. Tuko watu sita, mama. Angeuliza: kwa huyu mmekosea, na kwa wengine je? Tungefunga siku hiyo hiyo, wote sita, kwa ajili yangu mimi."

"Kwa hiyo ulikwenda kumuua."

"Nilikwenda na chupa! Siku ya jina lake. Nilidhani tutakunywa, atalegea. Alinipokea vizuri, akanipa kimikate. Kisha akanionyesha fremu. Akasema kila mgeni amecheka leo. Nikamwomba. Akasema, 'Andika tu, mwanangu. Aibu ni ya siku moja.' Akanigeukia mgongo kwenda kutafuta glasi. Chupa ilikuwa mkononi mwangu."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu aliyaficha yake mpaka kifo kikamchukua mwingine. Kökény aliona uchovu ukimpanda kutoka miguuni. Hakuwa na hamu hata ya kumchukia.

"Ukakaa na maiti zaidi ya nusu saa ukihangaika na simu."

"Nilitaka iishe. Iwe imekwisha tu, basi. Nilipobofya, programu ikaonyesha kijani."

"Kijani maana yake nini?"

"Imepokelewa." Alifuta pua kwa kiganja. "Imepokelewa..."

Alilirudia neno lile polepole, na rangi ikamtoka usoni. Süle, asiyejua kitu, alikuwa ameshika karatasi iliyoletwa asubuhi hiyo kutoka mamlaka ya kodi. Akaisogeza mezani.

"Hapa ndipo sielewi, mkuu. Ankara ilibatilishwa saa tano na dakika kumi na mbili. Saa tano na dakika kumi na saba ipo tena."

Halmágyi hakuigusa karatasi.

"Inaituma upya," alisema. "Programu ikiona ankara haipo kule, inadhani imepotea njiani, inaituma upya. Kila baada ya dakika tano. Ili isipotee hata moja. Niliandika mimi."

"Na zile arobaini na mbili?"

"Zote zimerudi. Lazima ziwe zimerudi. Mimi nilitazama kijani tu."

"Basi hata kama Ottó angebofya kwa hiari yake..."

"Dakika tano," alisema Halmágyi. "Ingeondoka dakika tano tu."

Kisha wakamchukua alama za vidole, kwa kuwa utaratibu ulitaka hivyo, na gumba la kulia likalingana.

Mchana Kökény alirudi Orosháza kuichukua fremu kama kielelezo. Sinia la vimikate lilikuwa bado mezani, vimekauka. Jolán alikuwa mbele ya kompyuta na miwani yake. Alikuwa ameizima ile sehemu ya kutuma upya, mtu mwingine wa kampuni ile ya Szeged akimwelekeza kwa simu, kisha akapeleka ombi jipya la kubatilisha.

"Binti yake anataka kuiuza karakana," alisema bila kugeuka. "Mnunuzi ameiona ankara ile kwenye kumbukumbu zetu za kodi. Anasema atarudi itakapofutwa."

Kökény aliinama kusoma kwenye skrini. Ombi limepokelewa. Rangi ilikuwa kijani. Chini yake, kwa maandishi madogo: *Linasubiri idhini ya Vetró Ottó.*

"Nisubiri mpaka lini, mwanangu?" aliuliza Jolán.

Inspekta aliishusha fremu ukutani, akaifunga kwa gazeti.