Fulana Iliyosema Mama Ana Homa

Tik, tik, tik. Kabla ya alfajiri, kipokezi kilichotundikwa jikoni kwa Mhandisi Subilaga, jijini Mbeya, kilianza kugonga. Kilionyesha joto la mama yake: nyuzi thelathini na tisa na nusu.

Fulana-joto ilikuwa kazi ya mikono yake Subilaga. Ilivaliwa ndani kabisa, ikagusa ngozi. Ilinyonya jasho, ikapasha mahali penye baridi, na kila saa ikatuma habari za mwili. Tangu amvalishe mama yake kule Kitulo, ambako sakitu, barafu nyembamba ya alfajiri, hufunika majani, miezi saba ilipita bila yeye kwenda. Fulana ilisema mama ni mzima.

Alipanda kiberenge-hewa, akaruka nacho hadi Kitulo, akafika jua likichomoza.

Mama alikuwa jikoni akimenya viazi, hana homa wala kikohozi. Nyuma yake Atuganile, mke wa kaka yake Subilaga, alikuwa akimpima fulana ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Alipasha viganja motoni kwanza, ndipo akamgusa mgongo.

Subilaga aliona wivu.

"Karibu, wifi," Atuganile alisema. "Hii yetu haina akili, ila inavaliwa."

"Sufu nzito hivyo itamkwaruza."

"Ndiyo maana naja kila Jumamosi, nitazame imemkwaruza wapi."

 Subilaga akamgeukia mama. "Fulana yangu iko wapi?"

Mama alionyesha kwa kisu. Kando ya moto alilala mwanakondoo, amevaa fulana-joto hadi shingoni.

"Kondoo ana joto kuliko mtu," mama alisema. "Hilo nalijua tangu usichana wangu."

"Kwa hiyo ulitaka inidanganye."

"Miezi saba imekuambia kweli, mwanangu, hukuja hata siku moja."

Atuganile aliinuka akaenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu, ili asimtazame wifi yake machoni.

Baadaye Subilaga aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa nikuvalishe ipi?"

"Baridi hii? Zote. Yako ndani, ya mwenzio juu. Ila hicho kipokezi ukakizime."

"Na kondoo je?"

"Kondoo ana sufu yake," Atuganile alijibu, na mama akacheka hadi kiazi kikamponyoka.

Wakati wa kuagana mama alimshika mkono mlangoni, hakuuachia upesi.

"Jumamosi anakuja yeye," Subilaga alisema.

"Basi mje wote. Uje tena, mwanangu, uje nikiwa mzima."