Mlio wa Shingo

Adhuhuri ile, katika chumba cha kinyozi, walikuwapo watu wanne: kinyozi mwenyewe, mkewe, ambaye ni fundi cherehani, dada wa kinyozi, aliyefuata gauni lake, na dereva wa lori, aliyekuja kunyolewa.

Chumba kilikuwa kimoja, kazi mbili. Mbele palikuwa na kiti na kioo. Nyuma, karibu na dirisha, palikuwa na cherehani.

Kinyozi alikuwa na mazoea yaliyompatia wateja. Akimaliza kunyoa, alimshika mteja kidevu na kisogo, akamgeuza shingo kwa ghafla. Shingo ililia, "Ko!" Mteja akacheka, akaenda zake.

Siku hiyo shingo ya dereva ililia mara mbili.

"Lo! Kumbe nilikuwa nimebeba kichwa cha mtu mwingine!" dereva alisema.

Mke wa kinyozi alikuwa akijisugua kisogo. Tangu msimu wa sare za shule uanze, alishinda ameinama.

"Baba Watoto," aliita, "wageni wanatibiwa, mimi nakufa na kisogo changu. Au mpaka nami ninyolewe?"

"Kaa kitini, wifi," dada wa kinyozi alitania. "Mganga hajigangi, lakini mkewe anagangika."

Wote walicheka. Mke aliketi. Kinyozi alimgeuza shingo kama alivyowageuza wengine. "Ko!"

Mke hakucheka. Alishika kiti kwa nguvu.

"Chumba kinazunguka," alisema. "Vidole vyangu vimekufa ganzi."

"Itapita. Tulia kidogo," kinyozi alisema.

"Itapita kwa kutazamwa?" dadake alifoka. "Kaka, hospitali, sasa hivi!"

Dereva alipiga simu hospitali. Aliambiwa mgonjwa asitikiswe shingo mpaka wahudumu wafike. Kinyozi alisimama kando. Hakujua pa kuiweka mikono yake.

Hospitalini mke alipigwa picha. Daktari alisema mfupa haukuvunjika, ila kano zinazoshika mifupa ya juu ya shingo zilivutika vibaya. Alivalishwa kola ya shingo. Baadaye, daktari aliporidhika, alimpeleka kwa mtaalamu wa tiba ya viungo.

Mtaalamu alimlaza mke wa kinyozi chali. Aliweka vidole chini ya kisogo chake, taratibu, kama mtu ashikaye yai.

"Mtaalamu," kinyozi aliuliza, "ule mlio si mfupa kurudi mahali pake?"

"Hapana, baba. Ni hewa ndani ya kiungo, kama vidole vinavyolia. Mlio si dawa."

"Lakini nawe unatumia mikono."

"Natumia. Ila kwanza namuuliza mgonjwa, nampima, natazama picha zake. Kisha ninamgusa polepole. Akisema basi, ninaacha. Mifupa miwili ya juu ndiyo inayobeba na kugeuza kichwa. Kando yake hupita mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo. Ukigeuza shingo kwa nguvu, mshipa unaweza kuchanika, na mtu akapooza au akafa."

Kinyozi aliinamisha kichwa. Aliwakumbuka wote waliowahi kukaa kwenye kiti chake.

Mtaalamu alimfundisha mke mazoezi mepesi ya shingo. Alimwambia ainue meza ya cherehani, na ainuke mara kwa mara kujinyoosha. Alimwonya pia: akiona kizunguzungu au udhaifu wa mkono, arudi hospitali mara moja.

Miezi ilipita. Kizunguzungu kilikwisha. Maumivu ya kisogo yalipungua, na usingizi ukarudi. Lakini vidole viwili vilibaki na ganzi, na sare za shule zilikuwa zimekwenda kwa fundi mwingine. Mke hakuweza tena kutia uzi sindanoni. Kila asubuhi kinyozi alimtilia.

"Nisamehe, Mama Watoto," alisema kila mara.

"Nimekwisha kukusamehe. Tia uzi, kazi inangoja."

Siku moja dereva wa lori alirudi. Alinyolewa, akajipangusa, kisha akainua kidevu.

"Haya, bwana. Nilize shingo."

Kinyozi alimwona mkewe kwenye kioo. Cherehani yake ilikuwa imesimama. Kinyozi aliweka mashine ya kunyolea mezani, akawageukia waliokuwa wakingoja kwenye benchi.

"Jamani, nisikilizeni nyote," alisema. "Kuanzia leo kiti hiki ni cha nywele tu. Mwenye shingo inayouma aende hospitali, nami nitafunga kazi nimsindikize. Mikono hii haitageuza tena shingo ya mtu."