Reli Iliyogongwa Jumapili

Kiboko jike alilala ubavu kwenye shimo la zamani la kwari, machimbo ya mawe kule Murera, tumbo limepasuka. Mtoto wake alikuwa akimsukuma kwa pua ili ainuke. Inspekta Gathogo wa Thika alikuwa ameona maiti nyingi, lakini hakuwahi kuona mama akiamshwa hivi.

"Baruti," alisema Uthman, mlipuaji mawe wa kampuni ya kwari. "Lakini wallahi si mimi, afande. Jumapili hatulipui."

"Ufunguo wa stoo anao nani?"

"Mimi. Na mzee Njau, mlinzi wa viboko."

Tuseme ukweli: kampuni ile ilikuwa imejitahidi. Ilikataa kuchimba ukingo wa mto walipoishi viboko. Tena kabla ya kila mlipuko, Njau aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, akamwaga majani ya napier shimoni hapa, mbali na mawe yanayoruka. Mama na mtoto walishazoea. Reli ikilia, wanakuja kula.

Gathogo aliinama. Kando ya mzoga kulikuwa na napier, bado mbichi. Akamwita Zubeida, muuza chai wa getini.

"Jana ulisikia nini?"

"Reli, afande. Nikajiuliza, Jumapili nani analipua? Mara puu!"

Njau aliletwa, kofia mkononi.

"Nani aligonga reli jana?"

"Sijui."

"Mtu mwingine angegonga tu, mzee. Nani angekumbuka kumletea chakula?"

Njau alitazama napier ile.

"Singeweza kumwita halafu akose chakula, afande."

"Kwa nini ulimuua?"

"Mawe yameisha. Yaliyobaki yako ukingoni, na meneja alisema ukingo hauguswi viboko wakiwepo. Mwisho wa mwezi sote nyumbani. Wanangu wote wanachonga mawe hapa. Vijana wakaniambia, 'Guka, babu yetu, kiboko anakusikia wewe tu.' Nikafikiri mama akifa, mtoto atahama." Alifuta macho kwa kofia. "Kampuni ilimlinda kiboko. Sisi tulilindwa na nani?"

Gathogo akamfunga pingu mikono nyuma.

Meneja alifika na viatu vyake visafi, akasimama mbele ya wachonga mawe waliokuwa wamekusanyika. "Mtoto bado yupo," alisema. "Ukingo hatuugusi. Mwisho wa mwezi tunafunga, kama nilivyosema."

Njau aliketi chini kwenye vumbi.

"Ngai, Mungu wangu," alisema. "Basi nimemuua bure."

Kazi ilibaki ya siku chache, na haikungoja msiba wa mtu. Uthman alienda akagonga reli kabla ya kulipua.

Mtoto wa kiboko aliinua kichwa. Akamwacha mama yake, akaja taratibu hadi mbele ya Njau, akafungua mdomo, akangoja.

"Mpe wewe, afande," Njau alisema huku akilia. "Mimi siwezi."

Inspekta Gathogo alipiga magoti, akaokota napier ya jana.