Mshale Kwenye Jiwe Lisilotulia

Maji yalikuja bila kubisha hodi. Mpaka-mishale, mchora alama za njia hifadhini, alisikia korongo likinguruma nyuma yake, akamkamata shemeji yake mkono, wakakwea genge kwa kucha. Walipogeuka, magogo yalikuwa yanapita palepale walipokuwa wamekaa wakila mkate.

Sasa walisimama kwenye ukingo wa mwamba mwembamba kama kitanda cha mtu mmoja. Shemeji, fundi wa kuchomelea vyuma, goti lilikuwa limechanika hadi mfupa ukachungulia.

"Maji ya kunywa?"

"Nusu chupa."

"Mafuriko yote haya na bado tufe kwa kiu!" Shemeji alicheka huku meno yakigongana. "Dada angetucheka mpaka alie."

Mpaka-mishale akavua shati, akalifunga goti. Hakucheka. Dada huyo alikuwa mkewe, na mwaka jana aliteleza kwenye korongo hilihili akafa. Tangu siku hiyo aliwalaani wakubwa wa hifadhi kila asubuhi: wanakalia viti vya kuzunguka, tiketi wanakata, kamba ya kushikia gengeni hawaweki. Na kweli hawakuweka. Shemeji akaandika barua tatu za malalamiko.

"Tutokee wapi? Alama si ulipaka wewe?"

Miaka kumi na moja alibeba kopo la rangi ya njano, akiwachorea watembezi mishale. "Kulia."

"Mbona mshale ule unaonyesha kushoto? Kule si kwenye maporomoko?"

Jiwe lenye mshale, kubwa kama gunia, lilikuwa limegeuzwa na maji. Mshale hupakwa kwenye jabali, si kwenye jiwe la kubiringika, hilo alilijua. Ila siku ile jabali lilitaka kupandwa, na mgongo ulikuwa unamuuma.

"Shemeji, jiwe lile hugeuka."

"Umejuaje?"

Akakaza fundo la shati gotini. "Mwaka jana pia liligeuka. Nililirudisha mwenyewe kabla wakubwa hawajafika. Dada yako aliufuata mshale wangu."

Maji yalinguruma. Shemeji alimtazama; kwenye ukingo mwembamba ule, msukumo mmoja ungetosha kumwangusha mtu.

"Kulia una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Basi nibebe."

Alimbeba mgongoni, mgongo uleule, wakatambaa hatua kwa hatua, kifua kikikwaruzwa na mwamba, damu ya goti ikimchuruzika kiunoni. Jua lilikuwa limeinama waliposikia sauti juu. Kamba ikashuka. Kumbe kamba wanazo, aliwaza, na uchungu wa zamani ukamjaa mdomoni.

Mkubwa mwenyewe alikuwepo, viatu bila tone la tope. "Poleni sana, wazee wangu. Tatizo lilikuwa nini?"

Shemeji akaangalia pembeni. "Muulize yeye."

Mpaka-mishale alikuwa na matusi tayari ulimini. Akayameza. "Kamba hamkuweka," alisema. "Lakini mshale ni wangu. Andika na wa mwaka jana."

Shemeji alipewa chupa ya maji. Alikunywa nusu, akaiweka chini katikati yao, bila kumtazama.