Abiria Aliyeomba Taa za Ukungu

Walimwita Taa Sita, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Lori lake la maziwa lilikuwa na taa mbili za ukungu chini ya bampa, na aliziwasha pamoja na nyingine zote kila giza lilipoingia, ukungu uwepo usiwepo. Madereva wenzake walimsihi: "Bwana wee, anga likiwa safi hizo zinatupofusha." Yeye akicheka tu. Kwani barabara ni ya mama yao?

Mpaka kijana wa pikipiki alipofumba macho mbele ya taa hizo, kwenye kona, akatumbukia bondeni. Alikuwa mwana pekee wa mama mshonaji. Taa Sita akasema hakuona kitu, kesi ikafa. Nje ya kituo cha polisi yule mama alimsogelea, hana hata chozi, akamnong'oneza: "Mkuki kwa nguruwe mtamu."

Tangu siku hiyo hakuzigusa tena. Tuseme ukweli, aliogopa.

Jioni moja, ametoka kupeleka maziwa, jua limeshazama, binti yake muuguzi alimpigia simu. "Baba, nimetoka kazini na pikipiki yangu. Tutapishana njiani, unipigie honi." Ndiye mtoto aliyebaki naye duniani. Alikata simu akitabasamu.

Akaikaribia kona ile...

Ukungu.

Ulishuka ghafla, mzito. Akawasha taa kubwa, mwanga ukagonga weupe ule ukamrudia machoni. Akazipunguza. Wapi! Hata ukingo wa barabara hakuuona. Kisha akasikia harufu ya mafuta ya cherehani.

Kiti cha pembeni kikatoa mlio, kama mtu anapokaa vizuri.

"Washa za ukungu," sauti ikanong'ona. "Leo ndiyo kazi yake."

Shingo ilikataa kugeuka. "Mama... nisamehe."

"Washa, baba. Mtoto wako yuko njiani. Hutaki akuone?"

Na kweli, kwenye ukungu kama ule, bila taa zile angeweza kumgonga mwanawe. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na haki ya kuziwasha. Mkono ukaenda kwenye swichi.

Tak.

Mbele, pikipiki ikamulika mara moja, ikazima. Ikamulika tena. Kila dereva anaijua ishara hiyo: punguza, sioni. Lakini yeye alidhani anasalimiwa. Akapiga honi kwa furaha.

Chuma kikakwaruza lami.

Kimya...

Aliruka chini. Nyota zilikuwa zimeanza kutoka, na hewa ilikuwa safi mpaka ng'ambo ya bonde. Kwenye kiti cha pembeni hapakuwa na mtu.

"Baba," binti alisema kwa taabu, "mbona umeniwashia zote?"

Hakusema tena.

"Ukungu gani, mzee?" polisi walimuuliza. "Wiki nzima hatujaona hata wingu." Akawatuma kwa mshonaji. Majirani wakaapa kuwa mama wa watu hakuondoka kibarazani jioni ile, alikuwa anashona.

Shangazi wa marehemu hakuwa na habari ya hayo yote. Kesho yake alikwenda kwa mshonaji huyo huyo kuomba gauni jeupe la kumzikia binti, kipimo kiko mkononi. Mama hakukipokea. Aliingia ndani, akatoka na gauni lililokunjwa, limeshapigwa pasi.

"Nilimaliza jana," alisema.

Lilimkaa sawasawa.