Muulizeni Kinyozi Mwenyewe

Kila asubuhi kinyozi alifungua kibanda chake, akafuta kioo, kisha akaanza kuongea. Aliongea mpaka jioni. Wateja walimwita Redio.

"Redio, punguza sauti, utanikata sikio!"

"Si unalo jingine? Haya, nyuma nipunguze au niache?"

Hakugusa kichwa cha mtu kabla ya kuuliza. Hata mwenye upara aliulizwa kwanza.

Sauti yake ilipoanza kukwaruza, alisema ni vumbi la nywele. Ilikwaruza miezi mingi. Mwishowe binti yake alimpeleka hospitali kwa nguvu. Ilikuwa saratani ya koo, na ilihitaji upasuaji mkubwa.

"Nitamweleza baba mimi mwenyewe," binti alimwambia daktari.

Hakumweleza. Alimwambia, "Ni kijiuvimbe tu, baba. Watakitoa, utarudi kwa wateja wako."

Siku moja kabla ya upasuaji, muuguzi wa wodi alikuja kitandani.

"Mzee, hebu niambie kwa maneno yako. Kesho unafanyiwa nini?"

"Wananitoa kijiuvimbe. Wiki ijayo nanyoa. Wewe mwenyewe njoo, hizo nywele zako zinanisikitisha."

Muuguzi alicheka kidogo. Kisha akamwita binti nje.

"Dada, baba hajui kwamba atapoteza sauti?"

"Akijua atakataa. Akikataa atakufa! Nitakubali mimi kwa niaba yake."

"Huwezi. Baba ni mtu mzima, na akili zake ni timamu. Mwili ni wake. Aambiwe ukweli wote, kisha aamue. Mshauri, mbembeleze, lia mbele yake ukitaka. Lakini usimdanganye."

Upasuaji ukasimamishwa. Daktari alikuja, akavuta kiti, akaeleza taratibu. Wangeondoa sehemu ya koo inayotoa sauti. Angepumua kupitia tundu shingoni. Angeweza kujifunza kuongea kwa kifaa, ila sauti yake ya zamani isingerudi. Bila upasuaji, ugonjwa ungeendelea mpaka umuue.

Redio alinyamaza. Binti hakuwahi kusikia ukimya wa baba yake.

"Sitaki," alisema mwishowe.

"Baba, utatuacha!"

"Najua, mama. Nimesikia vizuri." Akamtazama. "Hata mwenye upara namuuliza. Wewe ulitaka kuninyoa nimelala?"

Binti alitoka, akaegemea ukuta, akalia. Muuguzi alimfuata.

"Sasa mtamfukuza?" binti aliuliza.

"Kwa nini? Amekataa upasuaji, hajakataa kutunzwa. Dawa za maumivu atapata. Tutawafundisha namna ya kumlisha. Na akibadili mawazo, aje upesi, tutazungumza upya."

Nyumbani, binti alimbembeleza sana. Baba alisikiliza, akatikisa kichwa. Ikabidi binti aache. Akaanza kukaa naye tu. Redio akaongea: habari za mama yake binti, za harusi yao, za mteja aliyekimbia na nusu ya nywele. Mengine binti hakuwahi kuyasikia. Aliongea mpaka sauti ikawa mnong'ono. Kisha ikaisha kabisa.

Binti alimpa dawa kwa saa zake. Maumivu yalipozidi, alimpigia muuguzi, naye akaja kuangalia dawa upya. Baba alilala bila kuugulia. Hilo halikuondoa huzuni ndani ya nyumba, lakini hakukuwa tena na mtu wa kufichwa jambo.

Asubuhi moja binti alichukua mkasi wa baba na kioo chake. Akamshikia kioo ajione.

"Baba, ndevu nipunguze?"

Akakubali kwa kichwa.

"Na masharubu?"

Redio akayagusa kwa kidole. Akakataa.

Binti aliyaacha. Baba alipofariki, watu waliokuja kumwosha waliuliza kama wayanyoe.

"Hapana," binti alisema. "Nilishamuuliza."

Akazikwa nayo.